Mparachichi Wangu Siuweki Wakfu

Sikutaka kuandika. Mwalimu Mourine, anayetufundisha kusoma sisi wazee wa ngumbaru hapa kisiwani Ndau, ameniandama kila darasa. "Bi Khairiya, andika maisha yako, nitayabandika ukutani watu wasome." Nikamwambia wanaoyajua wanayajua na wasioyajua hawayataki. Hakusikia. Watu wa bara wakishika jambo! Haya, naandika, lakini nina hasira, na herufi ikikaa upande muisome hivyo hivyo.

Mimi ni binti wa mwenye minazi. Babangu alipokufa minazi ikagawanywa. Nilipouliza fungu langu, lile aliloliandika Mwenyezi Mungu mwenyewe, ndugu zangu wakacheka. "Wewe una mume, minazi ya nini?" Mume akafa, na nyumba wakaitaka wanawe wa mke wa kwanza. Nikatoka na sufuria zangu. Kiwanja hiki nilicho nacho, kilichopakana na msikiti, alinipa mamangu mdogo kabla hajafa, na hata hicho walikaa wakaulizana kama alikuwa na akili zake. Alikuwa nazo.

Mimi napenda parachichi. Hapa kwetu huja kwa boti, limeshabonyezwa na kila mkono njiani, ukilipasua ndani jeusi. Nikasema nitapanda langu. Wakanicheka. Bwana Fanuel, bwana shamba anayekuja kutoka Faza, akaniletea mche wa yale yenye ngozi nyeusi yanayouzwa ng'ambo. Nikaunywesha maji ya kisima. Visima vyetu vina chumvi. Majani yakaungua ncha kama yametiwa kibiriti, mche ukafa.

"Mama," akaniambia, "parachichi haliwezi chumvi. Huu ni mti wa kwetu milimani."

"Na ule wa kijiji cha Siyu, nyumbani kwa Ibtihal, unaonyweshwa maji ya kisima kama hiki changu?"

Hakuwa ameuona. Tukaenda naye. Mti mkubwa, matunda ya kijani, ngozi laini, ndani majimaji kidogo. Fanuel akauzunguka, akachimbua udongo kwa kidole akauonja.

"Mizizi ya huu inavumilia," akasema. "Otesha kokwa zake. Shina likifika unene wa kalamu, nitaleta kijiti cha ule mweusi nikiunganishe juu. Mizizi ya Siyu, tunda la bara."

"Basi nawe oa Siyu," nikamwambia, "upate mizizi."

Alicheka mpaka akakaa chini.

Nikachagua kokwa tatu kutoka matunda yaliyoiva mtini, si yaliyookotwa. Nikazipanda ncha juu, kwenye tuta, maana mizizi yake haipendi kusimama majini, nikazifunika kivuli cha makuti. Mbili zikaoza. Moja ikatoka. Fanuel akaja akaikata, akaunganisha kijiti chake, akafunga kwa nailoni, ikashika. Akaniagiza, "Inavumilia, mama, lakini usiitese. Itafutie maji matamu."

Maji matamu hapa ni ya mvua, yanayokingwa kwenye jabia, yale mahodhi makubwa ya saruji. Msikiti una jabia lake. Watu hutawadha, na maji waliyokwisha kutawadhia yalikuwa yakitokea tundu la ukutani na kumwagika njiani. Miaka na miaka yalikuwa matope ya kulalia punda. Mimi nikashika jembe, nikachimba mfereji, yakaja kwenye tuta langu. Mti ukanipita kichwa. Msimu huu wa kaskazi umetoa maua kwa mara ya kwanza.

Ndipo akaja Jeilani, mwenyekiti wa kamati ya msikiti, na saruji kwenye karai.

"Bi Khairiya, maji ya wakfu hayanyweshi mti wa mtu."

"Maji yaliyokwisha kutawadhiwa, Jeilani? Wewe mwenyewe huwezi kuyatilia udhu tena. Yalipokuwa yakilowesha punda hukuyaita wakfu."

"Kamati imekaa."

"Na ikae. Mimi nilikufuta kamasi kabla wewe hujajua kukaa."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema kwa sauti ya upole, ile ya kumsemesha mgonjwa, "Basi uweke huo mti wakfu. Matunda yawe ya msikiti, maji nikufungulie sasa hivi. Na thawabu ni zako."

Thawabu! Maisha yangu yote nimetoa, na mengi niliyotoa nilipokonywa. Anayeweka wakfu huweka kwa moyo wake, hasukumwi na karai la saruji. Nikitaka kuuweka, nitauweka siku yangu. Sasa nataka kula tunda langu, na jirani akija kuomba, nimpe au nimnyime. Hilo la kunyima sijapata kulionja.

Akaliziba tundu. Nikaenda kwa Maalim Shuaib, imamu wetu, nikamuuliza maji yaliyotumika ni ya nani. Akasema si ya mtu. Nikamwambia, "Kamwambie Jeilani." Akatazama kanda za viatu vyake. "Bi Khairiya, nami nalishwa na kamati."

Maua yanapukutika. Majani yameanza kuungua ncha, kama ule wa kwanza. Naugawia nusu ya dumu langu la kunywa, na wako wanaosema kikongwe anamwaga maji ya watu. Ni yangu. Na kiu ni yangu. Lakini nusu ya dumu haitoshi mti ulionipita kichwa, na mvua iko mbali.

Basi wewe unayesoma hapa ukutani, usisome ukaguna ukaenda zako. Udhu hautiliwi msikitini peke yake. Alasiri ya leo chota kopo la maji ya nyumbani kwako, njoo kwangu. Nimeweka gogo la kukalia kando ya tuta. Tawadha hapo, na miguu uioshe juu ya tuta, shina usiligonge. Halafu ingia msikitini na miguu yako inayodondoka maji, na Jeilani akikuuliza umetawadha wapi, mtajie jina langu, kwa sauti.