Uzito wa Pakiti ya Unga

Daktari hakutumia maneno ya vitabuni. Alimtazama dada yangu akijishika kiuno pale kwenye kiti, akamwambia, "Usibebe kitu kinachozidi pakiti ya unga." Kila mtu Nairobi anajua pakiti ya unga ni kilo mbili. Dada alicheka kidogo, kisha akanigeukia, kwa sababu sote wawili tulijua kilichokuwa ndani ya mkoba niliomshikia: laptop ya kilo tatu.

Siku chache kabla ya hapo alikuwa ameanguka kwenye ngazi za jengo lisilokuwa na vishikio bado. Alishuka ngazi sita kwa makalio, akainuka, akajipangusa vumbi, akamaliza kumwonyesha mwenye ploti michoro yake. Ndivyo alivyo dada yangu. Maumivu yalianza kesho yake.

Kazi yake ilikuwa kuchora nyumba. Hakuwa na ofisi, wala hangeihitaji, maana wenye ploti wa Kabiria na Uthiru hawamfuati mtu ofisini. Wanataka uende kwao, usimame nao kando ya rundo la mchanga, uwaonyeshe jengo lao likizunguka kwenye kioo, mbele, nyuma na juu ya paa. Karatasi hawaiamini. Na wakishaliona lazima waongeze kitu. "Hapo kwa parking, toa hizo gari uweke bedsitter nne," mzee mmoja alimwambia nikiwepo. Dada aliviweka vyumba hivyo vya kupangisha palepale, kabla mzee hajamaliza kukuna kidevu, na jengo likaendelea kuzunguka likiwa na milango minne mipya. Mtu akiona hivyo hatafuti mchoraji mwingine.

Kazi ya namna hiyo inataka mashine yenye nguvu, na mashine yenye nguvu ni nene. Haya nayajua kwa sababu ndiyo riziki yangu. Natengeneza laptop River Road, ghorofa ya pili, kwenye kibanda ambacho wateja wawili wakiingia, wa tatu anangojea kwenye ngazi. Kiswahili cha shuleni kinaiita kipakatalishi, kitu cha kupakatwa kama mtoto. Hakuna aliyewahi kuniletea kipakatalishi. Wananiletea laptop zimeungua.

Ukiifungua laptop ya kuchorea utakuta shaba. Kuna mirija ya shaba inayochukua joto kutoka kwenye ubongo wa mashine na kulipeleka kwenye feni mbili za pembeni. Shaba ni nzito, betri ya kutosha ni nzito, na feni nayo inataka nafasi ya kupumulia. Watengenezaji wakitaka kukuuzia wembamba, hapo ndipo wanapokata. Kisha wanapiga picha laptop imesimama kwa ubavu, kama wembe, na watu wazima wenye akili timamu wanaingia mkenge. Miaka yote nimewacheka wateja hao. Wanaleta laptop nyembamba inayochemka, wanasema ina virusi. Nawaambia haina virusi, ina joto, na joto halina dawa ila chuma na hewa. Nilikuwa na maneno mengi sana kibandani mwangu.

Basi baada ya yale maneno ya daktari, dada aliazima laptop nyembamba ya rafiki yake, akaenda nayo Uthiru kwa mzee wa bedsitter. Nilimsindikiza. Jengo lilizunguka nusu, likakwama. Likazunguka tena kidogo, likakwama, mashine ikiwa moto chini kama sufuria. Mashine hizo zikipata joto hujipunguza mbio zenyewe, zisijiunguze. Ni akili nzuri kwa mashine, lakini haimsaidii aliyesimama mbele ya mteja.

"Madam," mzee akasema, "hii nyumba imegoma na bado hatujajenga?"

Mafundi walicheka. Dada alicheka pia. Tulipofika barabarani kicheko kilimtoka usoni. Alikuwa amesimamisha jina lake kwa miaka mingi kwenye ploti zile, mwanamke peke yake kati ya wanaume wenye matope magotini, na jina hilo lilisimama juu ya kitu kimoja: hakuna mtu aliyewahi kumngojea.

"Nitakutengenezea moja," nikamwambia. "Nyembamba, na haitagoma."

"Wewe si ndiye husema haiwezekani?"

"Ni hao wengine wameshindwa, siz. Mimi sijajaribu."

Hapo ndipo ningepaswa kujing'ata ulimi. Mshika mbili moja humponyoka, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwahubiria wateja hivyo kila siku. Lakini alikuwa dada yangu. Nilipokuwa mtoto nilikuwa mwembamba mpaka watoto wa Kabiria wakaniita Njiti, na kila walipoanza, yeye aliwajia juu na maneno yaleyale: "Wembamba wa reli, gari moshi hupita!" Niliyaandika kwa kalamu nene na kuyabandika juu ya meza yangu ya kazi. Bado yapo.

Niliichukua ile mashine yake nene, kwa kuwa nyingine ya nguvu ile hatukuwa nayo, nikaipunguza. Kiendeshi cha CD nilikitoa, hakuna aliyekikumbuka. Betri kubwa niliitoa nikaweka ndogo. Kifuniko cha chini nilikiacha nikaenda kwa fundi wa bati Dagoretti Corner, akanikatia kingine cha alumini, chepesi kama kifuniko cha sufuria. Kisha nikafika kwenye shaba. Niliiangalia shaba ile asubuhi nzima. Nikatoa mirija yake na feni zake mbili, nikaweka mrija na feni moja za ndugu yake mwembamba, mashine ya familia hiyohiyo, niliyokuwa nayo imekufa. Niliifunga, nikaiwasha, jengo la Uthiru likazunguka mara ishirini bila kukwama. Nilipiga kelele mpaka jirani wa kibanda akaja kuangalia nani amepigwa na umeme.

Mizani sikuwa nayo. Tulipitia bucha moja pale Dagoretti Corner, mimi na dada, nikamwomba mwenye bucha atupimie. Aliifuta mizani kwa kitambaa chake cha damudamu, nikatandika gazeti kwanza.

"Hii ni steki ama ni mifupa?" akauliza.

"Pima tu, boss."

Mshale ulipanda ukasimama kwenye kilo moja na robo tatu. Niliruka. Nilimkumbatia mchinjaji na aproni yake. Watu wawili waliokuwa wakingoja matumbo walipiga makofi bila kujua wanapigia nini, na dada yangu alicheka mpaka akashika kiuno. "Wembamba wa reli," akasema, na mimi nikaitikia kwa sauti kubwa, "gari moshi hupita!" Nadhani ndiyo siku niliyojivuna kuliko zote za maisha yangu.

Kichaji kilikuwa nyumbani, kwenye soketi kando ya friji. Hakikunijia akilini hata kidogo.

Mashine ilifanya kazi. Ndivyo dada alivyoniambia kila jioni nilipomuuliza, nami nilimuuliza kila jioni, kwa sababu nilipenda jibu. "Poa sana," anasema. "Haigomi?" "Haigomi." Niliona anatembea ameinama upande mmoja kidogo, nikasema ni lile anguko. Niliona ananunua dawa za maumivu, nikasema ni baridi ya Julai. Mtu akishajisifu huwa mgumu wa kuona.

Kisha mchana mmoja simu ikalia kibandani. Alikuwa fundi wa mawe kule Uthiru, kwenye jengo la mzee.

"Wewe ni bro ya ule madam wa plan? Kuja haraka. Ameinama kutoa vitu kwa bag, sasa hawezi simama."

Nilimkuta amelala ubavu juu ya mifuko mitupu ya simenti, mafundi wamemzunguka, mzee mwenyewe ameshika kofia mkononi. Uso ulikuwa wa kijivu. Alisema mguu wa kushoto hausikii. Walimwinua wanaume wanne juu ya mlango uliokuwa haujapachikwa bado, wakampakia kwenye pikapu ya mzee. Mimi nikarudi kuchukua mkoba wake.

Niliuinua kwa mkono mmoja, kama mtu anavyoinua kitu anachokijua uzito wake. Mkono ulishuka.

Nikaufungua palepale. Kulikuwa na laptop yangu. Kulikuwa na kichaji, kile kinene cha mashine ya kuchorea, kizito kama tofali, kwa sababu betri ndogo niliyoiweka haikuwa ikifika nusu saa jengo likizunguka. Kulikuwa na extension ndefu ya waya mweusi, imekunjwa vizuri na kufungwa kwa mpira, kwa sababu kwenye ploti umeme hutoka kwa jirani, ng'ambo ya ua. Kulikuwa na feni ndogo ya mezani, ya kuipuliza mashine kwa chini. Na ndani ya mfuko mdogo wa mbele, vizibo vinne vya soda, vya kuiinulia pembeni ili hewa ipite. Vizibo vile vilikuwa vimebonyea katikati na kuingia kutu. Alikuwa amevitumia siku nyingi.

Yule mzee alikuwa akiniangalia. "Hiyo mashine yake ni noma," akasema, kwa heshima kabisa. "Lakini iko na luggage."

Hospitali walisema pingili za mgongo zilizokuwa zimesogea kidogo alipoanguka sasa zimesogea sana, na kwamba zimebana mishipa. Walimpasua. Niliketi kwenye benchi la nje na mkoba mapajani, nimeupakata. Nilijichukia. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Kesho yake nilishuka Dagoretti Corner, nikaenda bucha ileile, nikauweka mkoba mzima kwenye mizani. Mchinjaji alinikumbuka, akaanza kucheka, kisha akauona uso wangu. Kilo nne na robo. Mashine nene, ile niliyoikata, ilikuwa kilo tatu, na betri yake ilidumu asubuhi nzima bila kichaji. Nilikuwa nimempunguzia dada yangu uzito mpaka ukaongezeka kwa kilo moja na ushee. Hakuna mteja wangu hata mmoja aliyewahi kufanya ujinga wa kiasi hicho, na wote niliwacheka.

Nilingoja mpaka alipoweza kuzungumza bila kufumba macho. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekuambia aje?" akasema. "Ulifurahi sana siku ile kwa bucha."

"Ningerudisha ile ya zamani. Ni kazi ya siku moja."

"Najua."

"Sasa?"

Aligeuza uso akaangalia ukuta. "Ulifurahi sana," akasema tena.

Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini wahenga hawakusema anayefichwa afanye nini baadaye.

Sasa yuko nyumbani Kabiria, kwenye nyumba aliyotuachia mama, na kitanda chake tumekihamishia sebuleni karibu na dirisha. Mguu wa kushoto haujarudi. Daktari hasemi tena habari za pakiti ya unga. Anasema asiketi zaidi ya dakika ishirini, na akisema "tutaona" hamtazami dada, ananitazama mimi. Jengo la Uthiru limekamilika, bedsitter nne na zote, limechorwa mwisho na kijana mmoja aliyepewa kazi baada yake. Mzee alikuja kumwona mara moja na mkate na maziwa. Alikaa vizuri, akaomba naye, akaondoka. Simu za wenye ploti wengine zilipungua, halafu zikaisha. Siwalaumu. Nyumba haingojei mgongo wa mtu.

Wiki iliyopita niliirudisha mashine kama ilivyokuwa. Vitu vyote nilikuwa navyo, kwenye boksi chini ya meza: shaba, feni zote mbili, betri kubwa, kifuniko kinene chenye mikwaruzo yake ya zamani. Ilinichukua asubuhi moja tu. Niliibeba kutoka mjini mpaka nyumbani, mkono wangu ukauma, nikaufurahia uchungu huo kwa namna ya kipumbavu. Nikaifungua kwenye meza mbele yake, nikaliita lile jengo la Uthiru. Lilizunguka kama maji. Mbele, nyuma, paa, milango minne. Feni zilivuma, na nilipopapasa chini palikuwa baridi.

Dada alitazama mizunguko miwili, mitatu. Vidole vyake vilisogea kidogo juu ya blanketi, kama mtu anayetaka kusahihisha kitu, kisha vikatulia.

"Iko poa," akasema. "Izime tu, inapiga kelele."

Nikaizima. Nilibaki nimesimama nimeishika kwa mikono miwili, kilo tatu kamili, nikiangalia ni wapi nitaiweka asije akajisumbua kuifikia. Nikamuuliza niisogeze karibu na kitanda, au niiache mezani.

"Weka tu popote," akasema. "Haina mahali inaenda."