Kazi ya Kuwauliza Wafiwa

Siku yangu ya kwanza katika utafiti nilifika nimevaa sare nyeupe ya unesi, na Msimamizi wa Kazi za Vijijini akanirudisha nyumbani Njoro nikabadilishe. Alisema hospitalini mgonjwa ndiye anayemfuata nesi, ila sisi tutawafuata watu kwao, na sare nyeupe ikionekana inaingia kihambani, kwenye migomba ya nyumbani kwa mtu, majirani wataanza kuulizana nani anaumwa nini. Nikavaa gauni na kitenge, nikarudi kazini.

Nilikuwa nimetoka wodi ya watoto, nikiamini najua kuzungumza na wazazi. Huku nilijifunza upya. Tulikuwa na dodoso, yaani maswali yaliyokwisha kuandikwa, na kila mtu aliulizwa kwa maneno yaleyale ili majibu yaweze kulinganishwa. Mkuu wa Utafiti, daktari bingwa wa watoto mwenye asili ya Tarakea, hakuwa na mchezo na jambo hilo. "Ukiongeza neno lako," alituambia, "jibu linakuwa lako, si la mama."

Tulichunguza homa za watoto wadogo. Tulipima damu za watoto wa vijiji vya Uru, huko mlimani, kisha tukawafuatilia. Mtoto akifariki, mmoja wetu alirudi kwa familia kuuliza ugonjwa ulivyoanza na ulivyokwenda, kwa kuwa wengine hufia nyumbani au njiani, na hapo maelezo ya mzazi ndiyo pekee yanayoweza kuonyesha chanzo cha kifo. Kazi hiyo nilipewa mimi.

Boni, mmoja wa watoto hao, alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Baada ya sisi kumpima alishikwa na homa, akafia njiani akipelekwa hospitali. Tuliacha matanga yaishe, ndipo nikapanda Uru. Nilimkuta mama yake akikata majani ya ng'ombe. Alinipa kigoda vizuri tu, lakini nilipomweleza kilichonileta aliweka panga chini.

"Mlichukua damu ya mwanangu," alisema, "hamkurudi kuniambia mliona nini. Sasa amekufa, mnakuja kuniuliza mimi niliona nini."

Nilimpa pole, nikamsaidia kubeba majani hadi bandani, nikashuka.

Nilipotoa taarifa ofisini, Msimamizi alipendekeza tumwandike kuwa amekataa kuhojiwa, tusimsumbue tena. Mkuu wa Utafiti hakukubali.

"Hajakataa," alisema. "Ametangulia kutuuliza."

Alitafuta majibu ya damu ya Boni, tukapanda pamoja. Nyumbani tulimkuta mama huyo, mumewe na bibi wa mtoto. Daktari alimwamkia bibi shikamoo, akakaa kwenye benchi la jikoni, akaeleza taratibu kwamba damu ile haikuonyesha malaria wala dalili nyingine ya hatari siku ile. Mama Boni akauliza kama sindano yetu ndiyo iliyomuua. Mumewe alitaka kumnyamazisha, Daktari akaomba aachwe aulize. Akajibu kwamba sindano haikumuua, akaomba kijiko cha chai, akamwonyesha jinsi damu iliyochukuliwa ilivyokuwa kidogo.

"Basi alikufa na nini?"

"Mama, sijui. Na nilipaswa kuja kwako kabla sijawa na shida na wewe."

Hapo mama akalia. Bibi alituambia kwamba hata kaburini hakuwa amelia. Hatukuuliza kitu siku hiyo. Tulikunywa mtori wa ndizi uliokuwa jikoni, na wakati wa kuagana Mama Boni akaniambia nirudi juma lijalo.

Niliporudi nilimuuliza kwa maneno yaleyale ya dodoso, naye akajibu yote. Alipochoka tulipumzika. Alisema mtoto alikuwa akipumua haraka, na chini ya mbavu kifua kilibonyea kila alipovuta pumzi. Daktari aliposikia maelezo hayo alipanda tena mwenyewe, akamwambia kwamba huenda ilikuwa nimonia, na kwamba akiona mtoto mwingine anabonyea hivyo asingoje kuche. Tangu hapo hatukuchukua damu ya mtoto bila kupanga nani atarudisha majibu, na lini.

Sasa nimestaafu. Manesi vijana wa utafiti wanaobeba vishikwambi hunijia kuuliza njia ya kuwafanya watu wakubali. Huwa nawasimulia mara yangu ya mwisho kwa Mama Boni. Alikuwa na mtoto mwingine mgongoni, nami nilipeleka ombi la utafiti mpya. Nilimweleza kila kitu, na kwamba ana haki ya kukubali au kukataa. Akamweka mtoto vizuri mgongoni, akasema, "Huyu hapana, dada yangu. Huyu nimwache tu."

Nilimshukuru. Akanisindikiza mpaka barabarani, akiniuliza habari za Daktari na za wanangu, na kwenye kona akanikatia mkungu wa ndizi niende nao.