Magodoro ya Papa

Barabara ya Rutshuru ilipofungwa na vita, duka letu la maharage pale Mabanga, mjini Goma, lilibaki na vumbi na panya mmoja aliyekonda. Mama, mzaliwa wa Butembo, akaanza kukunja nguo: tupitie Uganda, twende kwa kaka zake. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja na sikutaka kabisa kuhama. Marafiki zangu walikuwa Goma. Hata adui yangu alikuwa Goma.

Papa naye hakutaka. Akanunua magodoro makuukuu ya hoteli iliyofunga, akayatandaza duka zima, ukuta kwa ukuta, akapaka mlango rangi ya chungwa na kutangaza kwamba sasa ni nyumba ya michezo. Watoto watalipa, waje kurukaruka ndani, mvua inyeshe isinyeshe.

“Batoto batulipe kwa kuruka ku godoro, kosa yenye ninabapigiaka fimbo?” Mama aliuliza.

Wakakubaliana: Jumamosi moja tu. Watu wasipokuja, Jumatatu tunaondoka.

Papa alitangaza kwamba siku ya kwanza ni bure. Hilo lilikuwa kosa lake la kwanza. La pili, alitupanga sisi watoto wa mtaa mstari mbele ya mlango, akaketi na daftari na kalamu kuandika majina. Mtu wa Goma wa miaka ile akiona mstari, daftari na neno bure, hahitaji maelezo: anasimama kwanza, anauliza baadaye. Kufikia saa nne mstari ulikuwa umekata kona, na sisi watoto tulikuwa tumesukumwa hadi nyuma. Wengi walikuwa wakimbizi wa vita waliolala kwenye mahema pembeni ya mji, kila mmoja na kadi yake ya uchaguzi mkononi, ile ya kuandikishia msaada. Papa alisugua viganja.

“Unaona?” akamwambia Mama.

Wa mbele alikuwa mama mzee aliyekimbia kijiji chake cha Kalengera.

“Tuko batu saba,” akasema. “Andika.”

“Kuruka ni mumoja mumoja, mama.”

“Kuruka nini?”

Papa akafungua mlango. Hakuna unga, hakuna mafuta, hakuna blanketi. Habari ikasafiri hadi mwisho wa mstari na kurudi imegeuka matusi. Mwanamume mmoja alitaka kujua kama Papa ana akili timamu. Watu wakaanza kuondoka, na Papa amesimama na kalamu yake, uso umemshuka. Nilimwonea huruma, na nikajiona tayari nimekaa juu ya mizigo mpakani.

Mama mzee hakuondoka.

“Niko ku mulolongo tangu asubui,” akasema. “Siwezi kurudia mikono mitupu.”

Akavua kandambili, akakaza kitenge kiunoni, akaingia, akaruka. Mara ya kwanza aliruka kidogo, kwa adabu. Mara ya tatu kilemba kikadondoka. Mara ya kumi alikuwa anapiga kelele za furaha, na yule mwanamume aliyeulizia akili ya Papa alishavua viatu, anamhimiza afanye haraka, wengine wanangoja.

Najua hakuna aliyeshiba siku ile. Lakini waliokwisha kuondoka walirudi, na Papa aliandika majina hadi mkono ukamchoka. Mama mzee alipotoka, jasho likimtiririka, alikwenda moja kwa moja kusimama tena mwisho wa mstari. Nilipogeuka kumtazama, nyuma yake alikuwa amesimama Mama, viatu mkononi.