Shakwe Niliowaozesha

Shule niliacha darasa la tatu, na mashua yangu niliipata kwa jasho langu, kwa hiyo sipendi kusahihishwa. Wageni wa Ras Kitau nawapeleka mimi kutazama ndege, na manahodha wenzangu pale wote wamejifunza kwangu.

Shakwe tunao wa namna mbili. Mmoja kichwa rangi ya kahawa, mdomo wa manjano wenye ncha nyekundu, mwizi wa dagaa, yupo kila siku. Mwengine kichwa cheusi, mdomo mwekundu, jicho limezungukwa na weupe juu na chini kama aliyetiwa wanja. Huyo huja mara mojamoja. Mimi nikawaambia wageni ni mume na mke: mke kajipamba, tena ana staha, hatoki hovyo. Wakicheka, nami nikiongeza.

Mwaka jana nikampakia afisa wa kuhifadhi ndege wa pwani, mama wa bara, pamoja na wageni. Nikasema maneno yangu.

"Mzee, hao ni kabila mbili," akasema. "Na wote wanapungua. Mafuta ya meli, na watu kuokota mayai visiwani."

"Bi, hawa nimezaliwa nao."

"Umewahi kuwaona kwenye kiota kimoja?"

Mayai nimekula sana, kiota sikukitazama.

Nyumbani Wiyoni nikamhadithia mke wangu, nikitaka anionee huruma. Alicheka hata akashika ukuta.

"Umewaozesha bila walii wala mashahidi, bwana! Na mahari kala nani?"

"Wacheka, na jina langu laharibika?"

"Litaharibika ukiendelea, na sasa ukweli ushaujua."

Ulimi wake huo ndio ulionifanya nimuoe.

Asubuhi nikarudi kwa yule mama, nikamwomba darubini. Wa kahawa walikuwa wawili juu ya mwamba, wakikunana shingo. Weupe wao uko juu ya jicho tu, kama nyusi. Mume na mke hao, na hungejua yupi ni yupi. Niliwatazama sana, na mayai yale yote yakanijia.

Nikawaita manahodha, nikawaeleza. Mmoja akaguna, "Mzee, sote twasema vile. Wageni wa jana tukiwakuta tena, tuwaambie nini?"

"Waambieni aliyewafunza nyinyi ni mimi, na nilikosea."

Neno hilo nililisema mbele yao wote.