Siku Nilipolalia Machela ya Mwenye Uchungu

Jamani, kuna walioaibika kwa kuteleza mbele ya wakwe, kuna waliochanikiwa suruali msikitini, lakini mimi mwenzenu niliaibika kwa kujifanya nakufa, tena mbele ya watu waliotoka kukiona kifo kwa macho yao, na kidogo tu nimfanye mwanamke wa watu ajifungulie mchangani. Mpaka leo nikikumbuka naishusha kofia mpaka puani. Ila bora niwasimulie mwenyewe, maana mkiisikia kwa Zubeda atatia chumvi.

Miaka ile ya wakimbizi, ufukweni kwetu Ujiji boti kutoka ng'ambo ya ziwa zilikuwa zinaingia wakati wowote, zimejaa watu mpaka unajiuliza zimefikaje. Ndipo pale mtaani Kasingirima kikaundwa kikundi cha wahudumu wa kujitolea, tukawa tunafundishwa kuwatoa waliozama, kuwafunga waliovunjika, na kuamua nani abebwe kwanza. Mkufunzi wetu, Mwalimu Bitagoye, Muha mmoja mpole (lakini akikukaripia unatamani ardhi ipasuke), alikuwa na wimbo wake mmoja kila siku: "Machela ni moja, gari ni moja. Anayepiga kelele anapumua, atasubiri. Aliyenyamaza, mkimbilieni!"

Siku ya zoezi kubwa akatakiwa mtu wa kuwa majeruhi. Jua lilikuwa linachoma kwelikweli, nami nikapiga akili: wabebaji watatoka jasho, majeruhi kazi yake kulala. Nikanyoosha mkono haraka kabla mwingine hajashtuka. Na kama ningeishia hapo, wala tusingekuwa hapa leo, lakini kiherehere nacho kikanipanda, nikamwambia Zubeda, fundi wetu wa bendeji (binti ana mkono mzito huyo!), anifunge sawasawa. Mguu huu mbao, mguu huu mbao, mkono kifuani, na taya eti limevunjika, akanizungushia bendeji kutoka utosini mpaka kidevuni nikabaki naongea kwa meno. Halafu nikaona zoezi bila damu halinogi, nikaagiza mawese, yale mekundu ya kwetu ya kupikia, nikapakwa kichwani na shingoni. Zubeda akanitazama akasema, "Rajabu, ukifa kweli tutajuaje?"

Nimelala kwenye machela nasubiri kuokolewa, mara yowe kutoka ziwani. Boti! Boti ya kweli, inaingiza maji, watu wanajirusha na watoto mgongoni. Kikundi kizima kikatimka kuelekea majini, Mwalimu mbele, Zubeda anakimbia huku ananipigia kelele, "Nakuja kukufungua!" Wapi! Nikabaki peke yangu juu ya machela pekee tuliyokuwa nayo, nimekazwa kama furushi, natazama mawingu.

Wakimbizi wa kwanza wakaanza kupanda ufukweni, wamelowa, wanatetemeka. Mbele alikuwa mama mmoja mtu mzima, baadaye nikaja kumjua kwa jina la Mama Furaha, amemshika mkono mkwewe mwenye tumbo la kujifungua, na binti wa watu uchungu ulishamshika, anajikunja anagumia. Mama Furaha aliponiona akamketisha mkwewe mchangani, akaja akapiga magoti kando yangu.

"Mutoto wangu! Ulikuya na boti ya mbele? Nani alikuumiza hivi?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema ukweli. Nikafungua mdomo, taya limebanwa, ikatoka "mmm" basi. Kabla sijajaribu tena, mama akaanza kulia. Analia kwa kwikwi, amevua kitenge chake cha juu kilicholowa ananifunika, ananiombea kwa Mungu, na wenzake wamenizunguka wanaitikia amina. Hebu niambieni nyinyi, mtu kama huyo unaanzaje kumwambia kwamba unacheza? Nikasema moyoni, ngoja amalize sala, nitamwambia polepole. Akamaliza moja, akaanza nyingine. Kwa aibu nikafumba macho, na nilipofumba macho kilio ndiyo kikazidi.

Mara ikaja pikapu na wahudumu wenzetu wa kijiji cha Simbo, wametumwa kusaidia. Hawa hawakunijua sura, wala hawakujua habari za zoezi letu, lakini mwalimu wao alikuwa Bitagoye yuleyule na wimbo ni uleule. Wakatazama: binti analia kwa sauti, mimi kimya. Mmoja akasema, "Huyu kanyamaza, huyu kwanza! Kamata machela!"

"Na huyu dada?"

"Si analia? Anapumua huyo."

Mama Furaha akawaunga mkono. "Mumubebe huyu kwanza. Wangu angali analia, iko na nguvu. Huyu anatukufia."

Jamani! Mkwewe mwenyewe, mjukuu wake mwenyewe tumboni, ananiachia mimi nafasi, mimi niliyekimbia jua! Binti ameshika gurudumu la pikapu anaita, "Mama, anakuya! Mutoto anakuya!" Nikabwata kwa meno, "Mimi mzima! Mbebeni huyo!"

"Lo, anaweweseka," akasema yule wa Simbo. "Fanyeni haraka!"

Walipoanza kuniinua nikajibiringisha, puu, mchangani. Nikasimama kwa miguu ya mbao, nikaanguka, nikasimama tena, na kwa mkono ule mmoja usiofungwa nikaivuta ile bendeji ya taya mpaka sikio likabaki linawaka. "Mimi mzima jamani! Lilikuwa zoezi! Hii si damu, ni mawese!"

Mama Furaha akanyanyuka akanisogelea, akanipitishia kidole shingoni, akanusa. Akanitazama juu mpaka chini, mbao, bendeji, kila kitu.

"Kumbe kwenu munajifunza kuumia?"

Wa kwanza kucheka alikuwa binti mwenyewe, katikati ya uchungu, anacheka analia, ufuko mzima ukamfuata, mpaka waliokuwa wanakamua maji nguo zao. Wale wa Simbo wakampandisha binti kwenye machela, pikapu ikaondoka mbio. Mwalimu Bitagoye alikuwa ameshafika na kuyaona yote. Hakunikaripia hata kidogo, alisema tu, "Wewe utatembea," akaenda zake. Ningekaripiwa ningeona nafuu.

Alasiri nikajikokota mpaka zahanati kuomba radhi. Mtoto alikuwa ameshazaliwa, wa kike, mzima, na mama yake salama, alhamdulillahi. Mama Furaha nikamkuta nje amekaa kwenye benchi. Nikamwamkia shikamoo, nikaanza maelezo yangu marefu, kwamba Zubeda, kwamba jua, kwamba taya. Akanikatiza.

"Nyamaza, mutoto. Toka tutoke kwetu sikulia. Bwana yangu alibakia kule, sikulia, mana nilikuwa na huyu binti na tumbo yake wa kufikisha. Nilipokulilia weye, nikabalilia bote balibakia kule, pale pale." Akajifuta uso. "Lakini ukifanya tena, nitakuchapa."

Nikakaa naye pale benchini, na mimi machozi yakanitoka. Basi tangu siku hiyo nimeapa: kwenye mazoezi mimi ni mbebaji, jua liwake mvua inyeshe, na yeyote atakayeanza kunililia ningali hai, nitamwambia papo hapo kwamba mimi mzima, hata kama bado yuko katikati ya sala.