Bambo Lilipogonga Kompyuta

Aibu hii naisema mwenyewe kabla hamjaisikia Ikwiriri ikiwa imetiwa chumvi (na chumvi ya Ikwiriri mnaijua): niliamini, mimi mwenye cheti cha shule ya jioni, kwamba siku mashine kuu ya Dar es Salaam itakapowashwa ili ibebe kazi za kompyuta za vyama vyote vya ushirika, kila kompyuta ndogo iliyoachwa wazi itanyonywa mpaka ipasuke kama chungu. Aliyeniambia ni Bakari fundi redio, akaapa mara tatu!

Sasa mimi ndiye karani wa chama chetu, kompyuta nimekabidhiwa kwa sahihi, na mashine kuu inawashwa siku ileile ya mnada wa ufuta. Asubuhi nikaichomoa. Kuichomoa tu nikaona haitoshi, nikaifunga kwa kanga ya mke wangu, nikaitia kwenye gunia, nikaizungushia debe zima la ufuta wangu mwenyewe isigongwe, nikashona mdomo, nikaliegemeza kona ya ghala na kwenda kunywa chai. Chai tu, jamani!

Kurudi, makuli wameshatoa magunia yote uwanjani (mmoja, nasikia, alisema hili mbona jepesi, mwenzake akamjibu shukuru Mungu), na mnunuzi anapita na bambo, kile chuma chenye ncha, anachoma gunia moja moja kuchota sampuli. Wakulima kama nusu ya Tanzania wamekodoa macho, maana akikataa, jasho la msimu mzima linarudi ghalani. Sijafungua kinywa, bambo likazama, likalia ko!

"Mawe!" mnunuzi akafoka. "Mnanitilia mawe? Sinunui hata punje!"

Mama Mwajuma, mwenye magunia sita pale, akanikwida shati. "Karani! Nani katia mawe?"

"Si mawe, mama. Ni kompyuta."

"Ya nani?"

"Ya... yetu."

Gunia likapasuliwa hadharani, ikatoka kompyuta kioo kimetoboka, imejitanda kanga kama bi harusi. Mnunuzi akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaendelea kununua. Alhamdulillahi. Lakini mimi je? Nimeokoa mali yao, wananizomea! Na anayezomea kwa sauti kuliko wote ni nani? Bakari! Huyo hata aniambie mto Rufiji una maji, nitakwenda kwanza kuchovya kidole.

Dada Zuhura, ofisa aliyetumwa na ushirika, aliniokotea kanga, akaikung'uta ufuta.

"Kaka karani, zinazohamia Dar ni kazi. Kompyuta inabaki hapahapa, ndiyo ya kuzifikia hizo kazi. Ungeiacha mezani."