Reli Tuliyoing'oa Wenyewe

Niliendesha treni ya kiwanda cha saruji kwa miaka kumi na tisa. Ilikuwa reli nyembamba. Mtu aliyezoea reli kuu ya Tabora mjini angedhani ni ya watoto kuchezea. Ilitoka machimbo ya mawe ya chokaa hadi kiwandani, ikifuata bonde walimopita wapagazi wa misafara zamani. Marehemu baba alikuwa kibarua wakati inatandikwa.

Malori yalipoletwa, meneja aliniita ofisini. Akasema reli inafungwa, chuma kitauzwa, na anahitaji dereva wa treni ya kubebea reli zitakazong'olewa.

"Utaweza?"

"Naweza."

Sikuhisi kitu. Nilifikiri uchungu ungekuja baadaye.

Tulianzia machimboni. Vibarua walifungua bolti, wakapakia vipande vya reli kwenye mabehewa, nami nikavivuta hadi kiwandani. Kila asubuhi njia ilikuwa fupi kuliko jana. Nyuma yetu yalibaki mataruma yaliyooza na kokoto.

Siku ya nne tulifika kwenye kona moja yenye mteremko. Nilimwambia mwenzangu wa breki, mzee wa mjini aliyefanya kazi nami tangu mwanzo, kwamba hapo ndipo baba alipokatika vidole viwili, reli ilipomponyoka mikononi.

Akafunga breki. "Shuka basi, upatazame."

"Nitazame nini?"

Alinikazia macho kidogo, kisha akaachia breki.

Kazi ilipokwisha nilikwenda Ipuli kumwona mama. Nilimkuta uani anapepeta mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nasikia wameng'oa reli."

"Tumeng'oa. Mimi ndiye niliyekuwa dereva."

Ungo ukasimama. "Na pale konani?"

"Na pale pia."

"Baba yako asingekubali."

"Najua."

Akaendelea kupepeta. Baadaye aliniwekea wali na mlenda, nikala wote, nikalala kwenye mkeka mpaka alasiri. Nilipoamka alikuwa amekwenda kanisani bila kuniamsha. Hajawahi kulitaja tena jambo lile, wala mimi.

Siku hizi naendesha lori la saruji, napeleka mpaka Igunga. Barabara ni nzuri. Yule mzee wa breki amefungua duka la vipuri vya baiskeli mjini. Nikipita hunipungia mkono, nami humpigia honi.